Albano na Jicho la Kuvuta

Albano alikuwa mpiga picha wa Tegeta, na mkewe hakuwa na picha hata moja.

Watu waliliona hilo, wakalicheka. Kadi za chama za Tegeta, kwenda mpaka Wazo na Kunduchi, zilibeba sura alizozipiga yeye. Wapasua kokoto, wachonga vinyago, mashehe na makatekista, wote aliwasimamisha mbele ya shuka lake jeupe akawaambia wasipepese. Adelina hakusimama pale hata siku moja.

"Mke wa Albano jini," walisema kilabuni. "Jini haingii kwenye kamera."

Albano alikunywa pombe yake. Hakuwa mtu wa maneno.

Adelina alizaliwa juu kule Newala. Alipokuwa msichana, mama yake alimtoboa mdomo wa juu kwa mkono wake mwenyewe, akamtia ndonya, kile kisahani cha mpingo. Kila alipokua kikawekwa kikubwa zaidi. Kwao huo ndio ulikuwa uzuri. Aliposwa nayo, akaolewa nayo, akamfuata mumewe Dar es Salaam nayo. Siku ya kwanza sokoni Kariakoo wanawake waliweka vikapu chini wapate kucheka vizuri. Mmoja alimwuliza kama hicho ni kifuniko cha mtungi.

Adelina aliivua jioni ile, akaifunga kwenye kitambaa, na meli ya kwanza iliyokwenda Mtwara ikampelekea mama yake. Lakini tundu halivuliwi. Lilibaki juu ya mdomo, na nyama yake ikaning'inia. Akinywa chai bila kuziba kwa kidole, chai humtoka. Tangu hapo pindo la kanga halikubanduka mdomoni mwake. Aliuza mihogo kwa kanga, alisali kwa kanga. Nyumbani tu, mlango ukiwa umefungwa, ndipo alipoishusha.

Mdomo ule Albano aliupenda. Hakuwahi kumwambia.

Yeye shule hakuiona. Alikuja mjini akiwa kijana, akapata kazi kwa Mgoa mmoja mwenye studio, kazi ya kuchota maji ya kusafishia picha. Akajifunza kwa kutazama. Namba za kwenye kamera alizijua kwa umbo, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Serikali ilipochukua nyumba za kupangisha, Mgoa alifunga virago kwenda Ulaya, akamwachia kamera yake ya Kijerumani pamoja na jicho lake. Lenzi yenyewe Albano aliiita jicho. Lilikuwa fupi, na kioo kipana. Lilikunywa mwanga hata pale mtu asipouona. Harusi ndani ya nyumba ya udongo yenye kibatari kimoja, jicho lile lilileta mpaka kung'aa kwa hina.

Watoto hawakujaliwa. Hilo ndilo lililoleta mambo.

Anselmo, kaka yake Adelina, alikuwa mchonga vinyago kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwaka ule alikwenda Newala kuwaona wazee, akarudi na ujumbe. Alimfuata Albano kwenye shuka lake.

"Mlamu," alisema, maana ndivyo watu wa kusini wanavyomwita shemeji. "Mama anazeeka. Macho yanamwishia. Anataka amwone Adelina kabla hayajazima."

"Aende."

"Aende na meli, na mdomo ule, watu wanamtazama Dar mpaka Mtwara? Nimemwambia mkeo. Kasema labda mumtie ndani ya gunia."

Albano akatazama chini.

"Basi mama anataka picha," Anselmo akasema. "Lakini si picha ya kanga. Kasema hivi: wangekuwa na mtoto, ningemtazama mtoto nikamwona mwanangu humo. Hawana. Basi nipeni ule mdomo nilioutoboa mie. Nyie mna kamera, mnaninyimia nini?"

Jioni Albano alimwomba mkewe asimame mbele ya kamera.

"Nimekukosea nini?" Adelina aliuliza.

"Ni mama yako."

"Mama anamtaka yule niliyekuwaga. Yule hayupo. Ana ndonya yangu kule, aitazame."

Yakaishia hapo. Baada ya siku kadhaa, Adelina akiwa amelala mchana, mlango wazi kidogo, Albano alisogea na kamera. Jicho la Mgoa lilikuwa la karibu. Ilibidi ainame mpaka pumzi ya mkewe aisikie. Adelina akafumbua macho, akakuta kioo usoni pake. Hakupiga kelele. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akalia vile, machozi yakimpita vidoleni.

"Hata ndani ya nyumba?" alisema. "Hata humu?"

Albano aliufungua mgongo wa kamera mbele yake, mkanda ukaungua kwa mwanga. Akaapa kwa jina la mama yake marehemu kwamba hatampiga tena bila ridhaa yake. Adelina akaamini.

Lakini Anselmo kila akipita aliuliza, "Mlamu, vipi?"

Duka la Jaffar bin Thuwaini lilikuwa pale barabara inapopinda. Baba yake alikuwa na duka, babu yake alikuwa na duka. Kiti cha Jaffar kilikuwa kinatazama mlango, na hapakuwa na mtu aliyepita bila kupata lake.

"Shikamoo, Mzee Jaffar."

"Marahaba, Ndugu Albano. Sukari hamna, usiulize. Hata ule unga wa njano wa yanga hamna. Foleni hamna pia, uone nilivyo mzalendo."

"Sikuja kwa sukari."

"Najua. Umekuja kwa lile dude. Mara ngapi wapita hapa shingo imekupinda kama kuku anayetazama mwewe?"

Akafungua kabati la kioo, akatoa mkoba wa ngozi. Ndani mlikuwa na jicho refu, zito, jeusi. Mhandisi mmoja Mzungu alimwachia Jaffar alipokuwa anarudi kwao.

"Vuta," alisema Jaffar. "Sukuma, vuta. Ndiyo kazi yake."

Albano alilifunga kwenye kamera akatazama barabarani. Mbali kule, kwenye korosho za mwisho, kulikuwa na mwanamke amejitwika kuni. Akavuta. Yule mwanamke akaja. Akaja mpaka Albano akaona kipini puani pake, naye mwenyewe hana habari, anajikuna shavu.

Kisha akageuza kamera ndani ya duka. Akakunja uso.

"Lina giza."

"Giza gani?"

"Langu nikitazama humu naona mpaka magunia. Hili naliona kabati tu, na kabati lenyewe kama limefunikwa."

"Mwenyewe nimeambiwa linataka jua. Sasa jua la Tegeta linauzwa? La bure hilo! Toka nje uchote."

"Na likichwa?"

"Likichwa ulale na mkeo kama watu wengine."

"Na masika?"

"Masika Mungu kaweka watu wapumzike. Sikiliza, bwana we. Hili jicho la kila siku. Kikundi humu, kadi humu, mtu wa mbali humu. Hulivui, hulibadilishi. Yule Mzungu aliliweka shingoni kama hirizi."

"Na mwenyewe unalitakia nini?"

Jaffar akacheka. "Hela yako sitaki. Hela siku hizi ya kutazama tu, nikanunue nini nayo? Nasikia kwako kuna mabati. Niletee mabati na hilo jicho lako kuukuu."

"Mabati ya mke wangu."

"Na mke wa nani?"

Albano alikwenda kwa Anselmo kuomba shauri. Anselmo alikuwa ameketi katikati ya vipande vya mpingo, miguu imejaa unga mweusi.

"Mie nina patasi ya macho, patasi ya pua, patasi ya kidole," alisema. "Mtu akiniletea patasi moja ya kazi zote namtupia usoni. Umesema mwenyewe jicho zembe, halioni kivulini. Na bei yake paa la nyumba. Sasa unaniuliza nini?"

"Linavuta mtu wa mbali, naye hajui."

Anselmo akaacha kuchonga. Alielewa. Akapuliza unga kwenye kinyago, taratibu, kisha akasema, "Mama atafurahi." Neno lingine hakuongeza. Naye alikuwa anajua mabati yale yalivyopatikana.

Adelina aliyapata bati moja moja, miaka ile ambapo mabati yalikuwa yakionekana bado madukani. Alifinyanga vyungu akauza, alilima mihogo akauza, akileta bati analilaza chini ya kitanda juu ya magunia. Mwisho miguu ya kitanda ilikatwa na kitanda chenyewe kikakaa juu ya mabati. Nyumba ilikuwa ya makuti, inavuja. Kila usiku kabla ya kulala Adelina aliteremsha mkono akagonga kwa vifundo vya vidole. Mabati yakalia.

"Sikia," alimwambia mumewe. "Mvua inatukosa."

Jumapili moja alikwenda misa. Mkokoteni wa Jaffar ukaja. Aliporudi, Albano alikuwa nje anafuta kioo.

Adelina hakuona kitu mpaka jioni alipokwenda kuketi kitandani. Alishuka kuliko mwili wake ulivyozoea, akatua kwa kishindo. Kisha akateremsha mkono, akagonga. Ilikuwa ardhi.

"Yamekwenda wapi?"

"Nimenunua jicho."

"La nani?"

"La kamera."

"Lile la kwanza limepofuka?"

"Hapana. Limekwenda nayo."

Adelina akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jirani. "Haya. Mvua ikija tutajifunika hilo."

Albano alikuwa na lake rohoni. Aliona: nitaipata picha, nitaipeleka, mama yake atafurahi, naye atajua ni kwa nini. Mabati yatapatikana tena.

Adelina alikuwa na shoga mmoja tu, Somoe, mwanamke wa Kizaramo, jirani yao. Mbele ya Somoe peke yake ndipo alipoweza kunywa chai. Alfajiri, kabla wanawake wengine hawajaamka, hao wawili walikwenda kisimani. Pale, hakuna mtu, Adelina aliishusha kanga. Walipiga soga, wakacheka. Kwa Adelina kilikuwa kicheko kikubwa, cha mdomo wazi, ambacho nyumbani hakikusikika.

Albano alijificha nyuma ya rundo la magogo ya Anselmo, akavuta. Mkewe akaja. Mdomo mzima, meno, tundu, kicheko. Akabonyeza. Akarudi nyumbani, akafunika chumba, akasafisha mkanda, akauinua kwenye mwanga.

Moshi. Adelina alikuwa moshi unaocheka.

Kwa nini, Albano alijua mara moja. Alfajiri mwanga ni mdogo na jicho lile halina haraka. Linafumbuka polepole likisubiri mwanga uingie, na wakati huo mtu anacheka, anainama, anainua ndoo. Jicho la Mgoa lingemkamata, lakini la Mgoa lilitaka umbali wa mkono. Na jua likipanda, lile jua la bure la Jaffar, Adelina alikuwa amekwisha jifunika. Penye mwanga kulikuwa na kanga. Penye mdomo kulikuwa na giza.

Alirudi kesho yake. Alirudi kiangazi kizima. Alifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, alizuia pumzi, alivizia mpaka dakika ile mbingu inapoanza kuwa nyeupe. Moshi. Mara nyingine uso wenye macho manne, mara nyingine kicheko bila uso. Kila mkanda aliutazama, akaukunja, akautupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Mgoa alimfundisha hivyo: picha ya ukungu si picha, haitoki mkononi mwa fundi. Akafukia kwa majivu.

Asubuhi moja mwanga ulipiga kioo. Somoe akaona kitu kinametameta kwenye magogo.

"Mwizi!" akapiga ukelele. "Jamani, kuna mtu anatuchungulia!"

Watu wakatoka na mapanga. Wakamkuta Albano amechuchumaa, kamera mkononi.

Balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao siku hiyo hiyo, uwanjani, jua likiwaka. Wanawake walikuwa wakali. Mmoja alisema jicho lile la Mzungu linavua watu nguo. Mwingine alisema tangu Albano alinunue yeye haogi uani. Jaffar naye alikuja, akaketi mbele.

"Ndugu Albano," akasema balozi, "ulikuwa unatafuta nini kisimani?"

Albano akaifunika kamera kwa shati.

"Sema, bwana! Au tukupeleke polisi?"

Adelina alikuwa amesimama pembeni, kanga mdomoni, anamtazama. Albano hakuona njia.

"Nilikuwa natafuta mdomo wa mke wangu," alisema.

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega.

"Kwani ameupoteza?" mmoja akauliza.

"Kauuza na mabati!" akasema mwingine.

"Bi Adelina, hebu fungua tusaidiane kuutafuta!"

Jaffar alifuta machozi kwa kofia yake. "Mie nilidhani namwuzia mpiga picha," alisema. "Kumbe ni bwana harusi."

Balozi mwenyewe alicheka, akamwachia kwa onyo. Adelina alikwenda nyumbani peke yake. Albano alipoingia alikuta amekaa kitandani, pale chini.

"Uliapa," alisema Adelina.

"Ni mama yako."

"Uliapa kwa mama yako wewe."

Tangu siku hiyo kanga haikushuka tena hata ndani. Alikunywa chai amempa mumewe mgongo. Akilala alijifunga kitambaa kisogoni kama mtu mwenye maumivu ya jino. Kisimani alikwenda peke yake, na Somoe naye akamkasirikia Albano kwa kumwondolea mwenzake. Jicho la kuvuta lilimtoa Adelina mbali, halafu likamtoa na karibu.

Masika ikaja. Mawingu yakakaa juu ya Tegeta hayaondoki, na shuka jeupe la Albano likawa la kijivu. Watu walimrudishia picha zao za kadi. "Huyu mie au usiku?" waliuliza. Harusi mbili alizopiga ndani zilitoka nyeusi, bibi harusi anaonekana pete tu. Wakampata mtu wa Mwenge mwenye jicho la kawaida. Albano akawa anakaa nyumbani anahamisha sufuria kufuata matone.

Maji yalipita chini ya kitanda. Alikiinua kwa mawe, kikawa kinayumba. Adelina akashikwa na homa. Zahanati walimpa vidonge, wakamrudisha. Homa ikapungua, ikarudi na kikohozi. Makuti juu ya kitanda yalikuwa yameoza, na Albano alitandika turubai, maji yakajaa ndani yake yakamwagika pembeni.

"Angekuwa chini ya bati," Somoe alisema mlangoni, "ningesema ni amri ya Mungu tu."

Siku ya mwisho Adelina aliomba maji. Albano alimshikia kikombe. Maji yalipita kwenye tundu yakateremka shingoni. Albano akanyoosha kidole kumfuta. Mkono wa Adelina ulikuwa umeshindwa kushika kikombe, lakini kanga uliishika. Aliivuta juu mdomoni kabla kidole hakijafika. Akafa vile, ameishika.

Wanawake walimwosha. Somoe alimfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, akakipitisha mdomoni, akakaza vizuri. "Nimemsitiri," alisema.

Anselmo akaja na unga wa mpingo bado nyweleni. Alilia kidogo, kisha akamsogelea Albano.

"Mlamu, mama hawezi kuja. Barabara imekatika Rufiji, na kwa meli hatawahi maziko. Mie nitapanda meli baada ya matanga. Nitakwenda na nini? Nikienda mikono mitupu atasema tumemzika mtu mwingine."

Albano alitazama chumba. Dirisha lilikuwa dogo kama sahani, nje mawingu. Alitazama kwa jicho la kuvuta, akaona giza tupu na kitu cheupe ndani yake. Akachukua mwavuli akaenda kwa Jaffar.

"Pole sana kwa msiba," Jaffar alisema. "Kazi ya Mungu."

"Shikamoo. Niazime lile jicho langu. Jioni nalirudisha."

"Lile? Nimekwisha liuza Bagamoyo, bwana. Angalia, chukua majani ya chai haya ya matanga, usinilipe." Akamtilia pakiti mfukoni.

Nyuma ya duka mbuzi wa Jaffar walikuwa wamelala wakavu, wanacheua. Juu ya banda lao mvua ilikuwa inagonga mabati. Albano alisimama akisikiliza. Akamkumbuka Adelina na vifundo vya vidole vyake. Kisha akaondoka.

Alipofika nyumbani hakusema na mtu. Aliweka miguu mitatu pembeni mwa kitanda, akafunga kamera, akailengesha. Akachukua panga, akaweka ngazi ukutani, akapanda juu ya nyumba.

"Anakwenda wapi huyu?" watu wa matanga waliuliza.

Akaanza kukata kamba. Kuti la kwanza likaanguka. La pili. Yalikuwa yameoza, yalitoka kirahisi.

"Albano! Maiti iko ndani!"

"Kachanganyikiwa! Mshikeni!"

"Mwacheni," Anselmo alisema. Alisimama chini ya ngazi, mikono kifuani, na hakuna aliyempita.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mwanga wa kijivu ukashuka kupitia paa ukamwangukia Adelina kitandani. Albano akateremka, akaingia, akashika kitambaa cha mdomoni.

Somoe alimkamata mkono. "Maisha yake yote kajificha. Leo hawezi kukuzuia ndiyo unamfunua?"

"Toka, Somoe."

"Utamjibu yeye, si mie."

Akafungua. Mdomo ukawa pale mchana, mbele ya kila aliyesimama mlangoni. Hakuna aliyecheka. Albano akabonyeza, jicho likafumbuka taratibu kama kawaida yake, likakaa wazi. Jicho lile tangu mwanzo lilitaka mtu asiyetikisika. Adelina hakutikisika.

Picha ilitoka safi. Kila mstari wa mdomo ulionekana, na matone mawili ya maji ya makuti shavuni. Mgoa mwenyewe asingeona kasoro. Albano aliifunga kwenye karatasi, Anselmo akapanda meli.

Alirudi masika imekwisha. Alimkuta Albano ameketi nje kivulini mwa ukuta. Paa lilikuwa wazi vile vile, hakuliziba. Anselmo akaketi, akatoa ile karatasi mfukoni, akaiweka juu ya goti lake.

"Kairudisha," alisema.

Albano akaichukua karatasi.

"Aliichukua mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Akapapasa mdomo kwa kidole. Akasema, ndiye. Halafu akaniuliza, mbona mmeniletea maiti? Kasema maiti ameziona nyingi, na za wanawe. Yeye alimwomba Adelina. Mlamu, kaniuliza kama hamna hata moja akiwa hai. Hata mbovu. Kasema macho yake mwenyewe siku hizi yanaona moshi tu, kila mtu kwake moshi. Akiletewa moshi wa mwanawe atamjua. Ipo?"

Albano aliinuka. "Zipo," alisema. "Anacheka."

Akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Anselmo akamfuata. Shimo la taka lilikuwa limejaa matope ya masika yaliyoanza kukauka. Albano aliingia mpaka magotini akachimba. Yalitoka majivu, maganda ya mihogo, kigae cha chungu cha Adelina. Kisha jembe likaleta mkanda wa kwanza. Akalitupa jembe, akachimba kwa mikono. Ikatoka mingine, imeshikana. Akaifuta kwa shati, taratibu, kama anavyofuta kioo.

Jua la Tegeta lilikuwa kali siku ile, la kumtosha kila mtu. Albano akauinua mkanda juu, akauelekeza penye mwanga.

"Yupo?" Anselmo aliuliza.

Maji yalikuwa yameula wote. Hapakuwa na uso wala moshi wake. Ulikuwa plastiki tupu yenye vitundu pembeni. Kupitia humo Albano aliona upande wa pili wa barabara vizuri kabisa: duka la Jaffar, banda la mbuzi, na mabati ya Adelina yakimeremeta.